Nyuma ya bampa la Impreza

Kona ya kulia ya bampa la mbele ilikuwa imeachana na fenda, lile bati la juu ya tairi, tangu siku nilipolinunua gari. Pengo lenyewe lilitosha kuingiza ncha ya kidole gumba. Aliyeniuzia aliniambia ni klipu tu zimekatika, nami nikalipokea neno hilo bila kuuliza la pili, kwa sababu rangi ya buluu ilikuwa inang'aa, injini ilikuwa na ule mngurumo mzito wa Subaru, na moyo wangu ulikuwa umeshaingia garini kabla bei haijatajwa.

Ni Impreza WRX ya mwaka 2004, injini ya lita 2.0 yenye turbo, ile yenye tundu la hewa juu ya boneti. Sisi tuliokulia Arusha miaka ya tisini hatukuhitaji kuelezwa gari hilo ni nini. Namanga, mpakani na Kenya, haiko mbali, na habari za mashindano ya magari ya Safari Rally zilivuka mpaka pamoja na watu na mizigo. Colin McRae alipoishinda mwaka 1997 na Impreza nilikuwa darasa la nne. Richard Burns alipoishinda mwaka 2000, na Impreza vilevile, nilikuwa nachora gari hilo nyuma ya madaftari yangu. Kwa hiyo aliyenionyesha gari la rangi ileile alikuwa ananionyesha utoto wangu, na mtu akionyeshwa utoto wake hakumbuki kuinama kuangalia chini ya bampa.

Miezi ya mwanzo pengo halikunisumbua. Lakini nikiwa barabara ya Moshi, mwendo ukifika kilomita 80 kwa saa, upepo uliingia pale na plastiki ikaanza kuipiga fenda, ta-ta-ta-ta, kama mtu anayebisha hodi kwa kucha. Nikalipeleka gereji. Fundi hakufungua kitu. Alichukua drili, akatoboa ukingo wa bampa hadi kwenye fenda, akapiga skrubu mbili za bati, akapaka rangi juu ya vichwa vyake. Nikalipa shilingi 15,000 na kelele ikaisha.

Baada ya miezi mitatu ufa ulianza kwenye tundu la skrubu ya juu. Sasa najua sababu. Plastiki ya bampa hutanuka juani na kusinyaa usiku, na gari likipita penye mashimo nayo hucheza. Ndiyo maana kiwandani huishika kwa klipu na breketi zinazoiachia nafasi ndogo ya kusogea. Ukiibana kwa skrubu mahali pamoja, mvutano wote unakusanyika kwenye lile tundu, na hapo ndipo inapopasukia. Niliporudi gereji nikaambiwa dawa ni bampa jipya na rangi, kazi ya laki nne na nusu. Nikasema hapana, kwanza nitalifungua mwenyewe nijue linaloachanisha ni nini.

Jumamosi ya kwanza nilianza vibaya. Ulikuwa mwezi wa saba, na mwezi wa saba Arusha unaweza kukaa siku nne usiuone Mlima Meru kwa mawingu na manyunyu. Nilitoka saa moja asubuhi na koti, nikafungua boneti, nikachukua bisibisi bapa, nikaichomeka chini ya klipu ya kwanza juu ya grili na kuinua. Kichwa kikakatika. Ya pili ikakatika. Ya tatu iliruka ikaingia katikati ya injini na sikuiona tena mpaka mwezi uliofuata. Plastiki ya miaka ishirini asubuhi ya baridi haina unyumbufu wowote, na mimi nilikuwa naitumia nguvu kama naing'oa misumari. Nikafunga boneti, nikaingia ndani kunywa chai.

Wiki nzima nilikuwa nazisoma klipu. Nilinunua chache mpya, nikawa nakaa nazo mezani usiku, nazifunga na kuzifungua kwenye kipande cha boksi. Naomba nikae kidogo hapa, kwa sababu nusu ya kazi ya kutoa bampa ni klipu, na watu wengi huharibu hapa.

Klipu ya plastiki ina sehemu mbili: mwili wenye miguu, na pini ya katikati. Pini ikiwa ndani, miguu inapanuka nyuma ya tundu na haiwezi kutoka. Pini ikitoka, miguu inakunjana na mwili wote unachomoka kwa vidole viwili. Kwa hiyo unachopaswa kukitoa kwanza ni pini peke yake. Mimi nilikuwa navuta mwili huku pini imeipanua miguu, na kitu kama hicho hakina namna nyingine isipokuwa kukatika. Zipo ambazo pini yake unainyanyua kwa ncha ya bisibisi. Zipo ambazo unaibonyeza iingie ndani kidogo, na ukizivuta badala ya kuzibonyeza utashinda nazo. Na zipo zenye msalaba kichwani, za bisibisi ya nyota, ambazo kwenye Subaru yangu zilikuwa nyingi na zikanipa tabu kuliko zote, kwa sababu vumbi la miaka limejaa kwenye vijia vya pini: unazungusha, inazunguka, haipandi. Ukikandamiza bisibisi zaidi ndiyo unairudisha chini. Nilichojifunza ni kuziosha kwanza kwa maji na mswaki wa zamani, kuweka tone la mafuta mepesi, kisha kuzungusha kwa mkono mwepesi huku ncha ya bisibisi bapa ikiwa imechomekwa chini ya kichwa cha pini ili kuisaidia kupanda. Kwa njia hiyo sikukata nyingine hata moja.

Jumamosi ya pili nilisubiri mpaka saa tano, jua likawa limeipasha plastiki. Nilikuwa na mpwa wangu wa kidato cha pili aliyekuja likizo. Kazi hii haitaki mtu mmoja. Unaweza kufungua kila kitu peke yako, lakini dakika ya kulitoa bampa lenyewe lina upana wa gari zima na linapinda katikati kama mkeka, na upande usio na mtu ndio utakaoikwaruza fenda.

Nilimpa trei ya mayai tupu na penseli. Kila tundu la trei akaliandika: juu kushoto, juu katikati, tairi la kulia, chini. Skrubu ikitoka inaingia kwenye tundu lake. Yeye pia alikuwa na simu, kila tulipokaribia kugusa kitu alikipiga picha kwanza. Nilimwambia nina kumbukumbu nzuri. Akanijibu, "Sawa mjomba, ila picha ni ya siku ukiwa umechoka." Jioni ya siku ile tulizifungua picha hizo mara tano.

Betri tuliifungua kabla ya yote, waya wa hasi, spana namba 10, tukakaa dakika kadhaa. Gari lina eabegi, ile mifuko ya hewa ya kukinga watu, na mbele kule zinapita nyaya zake. Plagi za rangi ya manjano ndizo za eabegi, na hizo sikutaka zichezewe zikiwa na umeme. Halafu jiwe nyuma ya kila tairi la nyuma, breki ya mkono juu, jeki kwenye sehemu yake, na stendi mbili chini ya gari kabla mtu hajaingiza hata mkono. Mpwa wangu aliniona nikilitikisa gari kwa nguvu juu ya stendi akauliza kama nataka lianguke. Nikamwambia ndiyo, kama ni la kuanguka nataka lianguke sasa, tukiwa tumesimama nje.

Grili, ambayo mafundi wengi huku wanaiita shoo, ilitoka bila maneno. Klipu za juu zikafuata. Pembeni, ndani ya upinde wa tairi, kuna skrubu inayoshika ncha ya bampa pamoja na ile plastiki ya kuzuia matope. Hakuna haja ya kutoa tairi ukijua kugeuza: ukitaka kufanya upande wa kulia, geuza usukani kushoto, mbele ya tairi inaingia ndani na mkono unapata njia. Chini, kwenye ngao ya plastiki inayofunika injini, palipaswa kuwa na boliti na klipu zilizopangana. Nilikuta boliti mbili na vipande vya waya wa kufungia nondo. Nilivikata kwa koleo. Ningepaswa kuanza kushtuka pale pale, maana mtu aliyefunga waya chini, ambako kidogo kunaonekana, ni vipi atakuwa amefanya kule kusikoonekana kabisa?

Skrubu mbili za bati zilitoka za mwisho. Nazo tukazipa tundu lao kwenye trei.

Kabla ya kuvuta, tulibandika maskingi tepu kwenye ukingo wa fenda pande zote mbili, tabaka mbili. Kisha tulianza kushoto. Ukingo wa bampa umeshikwa na breketi ya plastiki iliyofungwa chini ya fenda, yenye meno madogo yanayoingia kwenye vijitundu. Watu huvuta bampa kuelekea mbele na kuvunja meno hayo. Yanataka kuvutwa kwa upande, kuelekea kwako wewe uliyesimama kando ya tairi, kuanzia ukingoni mwa upinde na kusogea taratibu kuelekea taa. Niliingiza vidole, nikavuta kwa kiganja. Tak. Tak. Tak. Kila jino liliachia kwa zamu yake, bila kuvunjika.

Kulia niliweka mkono hivyohivyo na plastiki ikanifuata bila sauti yoyote. Hakukuwa na kitu kilichoishika. Breketi ya upande ule haikuwepo kabisa. Palikuwa na kipande chake kimoja kimebaki chini ya boliti, kama mzizi wa jino lililovunjika. Pengo langu la miaka miwili, kelele ya barabara ya Moshi, drili, ufa, vyote vilitokana na kipande cha plastiki kinachoenea kwenye kiganja.

Tukasimama mmoja huku mmoja kule, tukahesabu tatu, tukalivuta bampa mbele. Mimi nilirudi nyuma haraka mno.

"Mjomba, simama! Waya!"

Waya wa taa ya ukungu ya kushoto ulikuwa umenyooka kama kamba ya kuanikia. Nyaya hizo ni fupi, zinatosha kwa gari lililofungwa, hazitoshi kwa mtu anayetembea na bampa. Tulilishusha juu ya vigoda viwili alivyotuletea mke wangu, nikaingia kwa chini, nikabonyeza kidole cha plagi na kuichomoa kwa kushika plagi yenyewe. Tangu siku hiyo vigoda vinawekwa kabla ya kuhesabu tatu.

Bampa likalala kwenye blanketi. Tukageuka kuliangalia gari.

Nilikuwa nimeshaona picha za Impreza isiyo na bampa. Nyuma ya plastiki kuna boriti ya chuma iliyopinda kidogo kama upinde, imefungwa kwa boliti kwenye ncha za chesisi kushoto na kulia. Mimi niliona paipu ya mraba. Ile paipu nyembamba tunayotengenezea mageti na madirisha, imekatwa kwa urefu wa gari, imechomelewa ncha mbili kwa uchomeleaji wa matone matone, na bado upande mmoja ilikuwa na rangi nyekundu ya kuzuia kutu. Kati ya paipu hiyo na mahali plastiki inapokaa palikuwa pamefungwa kipande cha godoro, kimekunjwa mara mbili, kimezungushiwa waya.

Mpwa wangu aliliinamia akalibonya kwa kidole. Likabonyea, likarudi taratibu.

"Mjomba, hili godoro lilikuwa linakinga nini?"

Sikuwa na jibu la kumpa. Mke wangu alikuwa bado amesimama na kikombe mkononi. Hakupandisha sauti. Alisema, "Baba Neema, na mtoto anakaa humo kila asubuhi?"

Kazi ilisimama saa ile. Nilikaa kwenye kigoda kimoja karibu nusu saa, nikikumbuka mara ngapi nimepita Usa River na mwanangu kiti cha nyuma, lori mbele yangu na basi nyuma yangu, na mimi nikijiona salama kwa sababu niko kwenye gari lililotengenezwa kwa ajili ya mwendo. Gari la mwendo ndilo linalohitaji mbele yake iwe kamili kuliko gari lingine lolote.

Mtaa wa pili kwetu anaishi mzee mmoja fundi bodi, amestaafu, mikono yake inatetemeka kidogo lakini macho yake bado. Nilimfuata kesho yake baada ya ibada.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umelifungua lile la buluu? Nimesikia."

Alikuja na kamba ya fundi muashi na kalamu ya chaki. Kabla ya kuigusa paipu alitaka kujua kama chesisi imenyooka. Alipima kutoka tundu moja la mbele kushoto hadi tundu la nyuma kulia, akafunga fundo kwenye kamba, kisha akapima msalaba wa pili. Fundo likaangukia palepale. Akapitisha kidole gumba kwenye pande za chuma akitafuta mikunjo na rangi iliyopasuka. Akasema gari liligongwa mbele, siyo kwa nguvu sana, boriti ikapinda ikatolewa, na chesisi haikuguswa. Aliposema hivyo ndipo nilipogundua kuwa nilikuwa nimebana pumzi.

Nilimuuliza boriti inafanya nini hasa, maana neno "inakinga" halinitoshi tena. Alinieleza kwa kuchora mavumbini. Gari likigongwa mara nyingi haligongwi sawasawa usoni, linagongwa upande mmoja au katikati. Kazi ya boriti ni kuuchukua ule mpigo na kuugawa kwenye miguu yote miwili ya chesisi, na miguu hiyo imeundwa ijikunje kwa mpangilio, ikila nguvu kidogo kidogo kabla haijafika waliko watu. Ukiweka paipu ya geti, inajikunja kabla haijagawa chochote. Kinachofuata ni rejeta, kisha injini, na mguu mmoja wa chesisi unabeba peke yake. Plastiki ya nje haikuwekwa kwa kazi hiyo. Ipo kwa ajili ya sura na njia ya hewa.

"Na godoro, mzee?"

Alifikiri kidogo. "Wamelijazia lisibonyee. Mteja akija kununua anasukuma bampa kwa mkono. Likibonyea sana anauliza maswali."

Nilikumbuka mkono wangu mwenyewe siku ile ya kununua. Nililisukuma. Nililisukuma kwa kiganja, nikaona liko imara, nikaridhika.

Boriti tuliipata Dar, Ilala, kwenye vipuri vilivyotumika, kupitia rafiki aliyekwenda kuishika kwa mikono yake na kunitumia picha za pande zote nne. Nilimwomba aweke rula juu yake na aangalie kila tundu la boliti. Pamoja nayo akanunua breketi ya kulia na boliti zake. Ilipanda basi ikiwa imefungwa viroba, na nikaipokea stendi alfajiri. Boriti, breketi na usafiri vilinigharimu laki moja na elfu themanini, chini ya nusu ya bei ya bampa jipya ambalo lingekuja kufunika paipu ileile.

Wiki tatu gari lilikaa juu ya stendi nami nikapanda daladala. Sikuzijutia, kwa sababu mbele ya gari ikiwa wazi unaona vitu ambavyo haviwezi kuonekana kwa njia nyingine. Kondensa ya AC, inayokaa mbele ya rejeta, ilikuwa imefunikwa na tabaka la udongo, mbawa za kumbikumbi na nyasi. Watu husema AC imeisha gesi, wakati hewa haina pa kupita. Nililiosha kwa mpira wa bustani wenye msukumo mdogo, kutoka upande wa injini kwenda nje ili uchafu urudi njia uliyoingilia. Mashine ya kuoshea magari sikuikaribisha: vile vipezi vya alumini ni laini kama karatasi ya pipi na mpigo wa maji huvilaza vyote. Wala sikulegeza bomba lolote la kondensa, kwa kuwa gesi iliyomo iko kwenye mgandamizo na si kazi ya nyumbani. Honi moja ilikuwa imejaa kutu. Nyaya za taa ya ukungu ya kulia zilikuwa zimeunganishwa kwa kusokotwa na kufungwa nailoni ya mfuko. Zote zilirekebishwa palepale, kila kitu kikiwa mbele ya macho.

Ule ufa wa bampa nao ulinifundisha jambo. Nilijaribu gundi ya haraka, ikakauka vizuri, na kesho yake ikabanduka kama ganda la kitunguu. Ndani ya bampa, ukitafuta, kuna herufi ndogo zilizochapwa kwenye plastiki. Langu lina PP, yaani polipropilini, jamaa ya ndoo na viti vya plastiki, na hiyo haipokei gundi za kawaida. Inapokea joto. Mzee alinionyesha: tulilaza kipande cha wavu mwembamba wa chuma upande wa ndani, tukakizamisha kwenye plastiki kwa chuma cha kulehemu, tukaongeza vipande vilivyokatwa kwenye ndoo iliyovunjika yenye herufi zilezile. Dirisha zote wazi, kitambaa puani, maana moshi wake si wa kuvuta. Tulifanya taratibu mpaka wavu ukapotea ndani. Nje paliachwa mstari mwembamba kama kovu la kunyolea. Nimeuacha.

Siku ya kufunga, mzee aliikata paipu kwa grenda, betri ikiwa imefunguliwa na rejeta imefunikwa gunia bichi. Chini ya uchomeleaji matundu ya asili ya boliti yalikuwa bado yapo, yamezibwa na rangi. Boriti iliingia kwa mkono. Sijui niseme vipi raha ya kitu kinachoingia mahali pake bila kulazimishwa. Boliti zote zilianza kwa vidole kabla ya spana kuguswa, kisha zikakazwa kwa zamu, kushoto, kulia, kushoto.

Bampa lilirudi kwa kinyume cha lilivyotoka, na tofauti moja. Kutoa, unaweza kumaliza sehemu moja ukaenda nyingine. Kurudisha, hukazi kitu mpaka kila kitu kiwe kimeshikwa. Plagi za taa kwanza, bampa likiwa juu ya vigoda. Meno ya breketi pembeni, kushoto kisha kulia, kwa kupiga polepole na kiganja. Halafu klipu za juu zimelegea, skrubu za ndani ya upinde wa tairi zimelegea, za chini zimelegea. Hapo unasimama mbali, unaangalia mistari ya pengo pande zote mbili, unasukuma kidogo huku, unavuta kidogo kule, na ndipo unakaza. Mara ya kwanza nilikaza juu mapema na kona ya kushoto ikagoma kufika kwa upana wa ukucha. Nililegeza yote tukaanza tena.

Kulia, meno yaliingia. Tak. Tak. Tak. Mpwa wangu alicheka kwa sauti, na mzee akaitikia kwa kichwa.

Jaribio nililolifanya kabla ya kuliondoa gari lilikuwa la ncha ya kidole gumba. Haikuingia. Taa zote ziliwaka, honi mbili zikalia pamoja. Kesho yake tulikwenda nalo mpaka Boma Ng'ombe na kurudi, watatu, Neema akiwa nyuma na mkanda wake, na nilipofika 80 nilizima redio nikasikiliza. Matairi na upepo tu.

Tuliporudi mpwa wangu aliichukua trei ya mayai aioshe. Matundu yote yalikuwa matupu isipokuwa moja, ambalo penseli yake ilikuwa imeandika "kona ya kulia". Ndani yake zilikuwemo zile skrubu mbili za bati.